Mgahawa wa Bandarini Kigoma: Samaki Mzuri, Lugha Nne na Kelele Nyingi

Mji wa Kigoma hauna uhaba wa mahali pa kula mgebuka wa kuchoma. Kuanzia mwalo wa Kibirizi hadi Katonga, na kutoka stesheni ya reli kupanda mpaka Mwanga, mtu mwenye njaa hatembei muda mrefu kabla ya kukutana na moshi wa mkaa na harufu ya samaki. Kwa hiyo mgahawa ninaouzungumzia hapa, ulio kwenye mteremko karibu na lango la bandari, siupimi kwa samaki peke yake, ingawa samaki wake nitamfikia. Naupima kwa jambo ambalo tathmini nyingi za migahawa hulipita bila kuligusa, nalo ni namna unavyowahudumia watu wasiozungumza lugha moja. Jina lake silitaji kwa ombi la mwenyewe, ambaye hadi leo hajaweka bango na anasema hahitaji wateja zaidi ya viti alivyonavyo. Mwenyeji yeyote wa bandarini atamwelekeza mgeni.

Kigoma ndipo reli ya kati inapoishia, reli iliyofika hapa mwaka 1914, na ndipo safari za majini za kwenda Bujumbura, Uvira na Kalemie zinapoanzia. Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zina ofisi za ubalozi mdogo humu mjini, na mizigo ya nchi zote mbili hupita katika bandari hii. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kongo ikafuata mwaka 2022, hivyo wafanyabiashara wa pande zote tatu za maji haya sasa ni wa jumuiya moja, angalau kwenye karatasi. Hata hivyo Mrundi amesoma kwa Kirundi na Kifaransa. Mkongomani wa Kalemie amesoma kwa Kifaransa na anaongea nyumbani Kiswahili chake, ambacho si hiki chetu hasa. Mtanzania amefundishwa kwa Kiswahili shule ya msingi kisha akahamishiwa Kiingereza alipoingia sekondari. Na Mha wa Kasulu ana Kiha chake kabla ya hayo yote. Watu hawa huketi kwenye meza moja ya plastiki saa saba mchana, kila mmoja akiwa na njaa na haraka. Katika mji wa namna hii, mgahawa usio na mpango wa lugha ni sawa na mgahawa usio na maji ya kunawa.

Mpango wa mgahawa huu unaanzia mlangoni. Mgeni akiingia, mhudumu humsalimu kwa Kiswahili, humwonyesha kiti, kisha hunyamaza na kumwacha mgeni aseme la kwanza. Lugha atakayoitumia mgeni ndiyo atakayohudumiwa nayo, na ikiwa mhudumu huyo haijui, humwita mwenzake bila kuomba radhi nyingi na bila kumfanya mgeni ajione mzigo. Utaratibu huu unaonekana mdogo, lakini nimekula katika sehemu nyingi za mji huu ambako mhudumu humtazama mtu usoni, hukadiria atokako, kisha humrushia lugha aliyoikisia. Mzungu hupewa Kiingereza hata kama ni Mbelgiji aliyeishi Uvira miaka mingi na anayeongea Kiswahili kuliko mjukuu wangu. Mtu mrefu mwenye lafudhi ya milimani husalimiwa kwa Kirundi, na hapo ndipo kosa linapokuwa zito. Kiha na Kirundi ni lugha zinazokaribiana mno kiasi kwamba wazungumzaji wake husikizana, na kwa sababu hiyo hiyo Waha wengi wanajua uchungu wa kutiliwa shaka uraia wao kwenye vizuizi vya barabarani na kwenye madirisha ya ofisi kutokana tu na namna wanavyotamka maneno. Mtanzania wa Buhigwe anayesalimiwa kwa Kirundi na mtu asiyemjua hasikii ukarimu katika salamu ile. Anasikia akiulizwa vitambulisho. Mwenye mgahawa huu analijua jambo hilo kwa kuwa limempata ndugu yake, na amewakataza wahudumu wake kukisia.

Katika salamu zenyewe kuna fundisho jingine ambalo nimeliona likitendwa vizuri. Kijana wa Kitanzania akimkuta mtu mzima kaunta atamwamkia shikamoo, na asipofanya hivyo ataonekana amekosa malezi. Kijana wa Kikongomani atasalimu kwa neno “Jambo”, tena kwa sauti ya uchangamfu, na heshima yake ataiweka katika neno Papa au Mama litakalofuata. Mwenye mgahawa, mzee wa Kimanyema mzaliwa wa Ujiji, huitikia salamu zote mbili kwa uzito uleule. Nilimsikia siku moja akimweleza mteja wa makamo, aliyekuwa ameanza kunung'unika kuhusu vijana wa siku hizi, kwamba yule kijana hajamdharau mtu, kwao ndivyo wanavyoamkia. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, kijana asisikie akitetewa. Huo ni utumishi wa kiwango cha juu, na haukuandikwa kwenye menyu yoyote.

Baada ya salamu huja oda, na hapa ndipo mgahawa huu unapowazidi wenzake kwa mbali. Mhudumu hurudia oda yote kwa lugha ya mgeni kabla ya kuondoka mezani, kisha huiandika kwa Kiswahili kwenye karatasi inayopelekwa jikoni. Samaki wabichi wamepangwa kwenye barafu karibu na kaunta, na mgeni anaombwa aende akamchague wake kwa kidole. Kwa samaki jambo hili lina maana kubwa kuliko kwa chakula kingine chochote, kwani yule tunayemwita mgebuka Warundi humwita mukeke, na dagaa wetu kwao ni ndagala, hivyo mtu anayeagiza kwa jina alilozoea anaweza kuletewa kitu ambacho hakukitaka na akakila kwa aibu ya kulalamika. Kidole hakina lafudhi, nami naona ajabu kwamba migahawa yenye wageni wengi zaidi kuliko huu bado inaficha samaki wake kwenye friji la nyuma.

Ugumu mkubwa, kinyume na watu wanavyodhani, hautokani na Kifaransa. Mtu asiyejua Kifaransa anajua kwamba hajui, na atamwita anayejua. Tatizo ni Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa, kwa sababu kinaeleweka kiasi cha kutosha kumfanya msikilizaji aamini kwamba ameelewa chote. Katika Kiswahili cha sehemu kubwa ya Kongo, kuuza ni kununua, na anayetoa bidhaa yake kwa fedha huuzisha. Mfanyabiashara kutoka Kalemie anayemwambia mhudumu mgeni wa kazi kwamba anataka kuuza samaki kumi anaweza kujikuta akielekezwa mlango wa nyuma wanakopokelewa wavuvi. Hapa hilo halitokei, kwa sababu wahudumu wamezoea kurudia oda hata pale wanapoamini kwamba mgeni anaongea Kiswahili kama chao. Wala hawamcheki. Katika mji huu kuna tabia mbaya ya kuwafanyia mzaha Wakongomani kwa Kiswahili chao, kana kwamba Kiswahili kilichovuka ziwa na misafara ya karne ya 19, kikakaa kule na kuwalea watoto wa vizazi vingi, kimeharibika kwa kuwa hakikurudi Pwani kuomba ruhusa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba, na anayekizungumza pale mezani hajaja kusahihishwa.

Wahudumu ni watatu, na ubora wote ninaousifu umejengwa juu ya mabega yao. Mmoja ni binti aliyekulia Ulyankulu, mkoani Tabora, katika familia ya Warundi waliokimbia machafuko ya mwaka 1972 na ambao, kama maelfu kwa maelfu ya wenzao wa makazi yale, hatimaye walipewa uraia wa Tanzania. Kirundi alikipata kwa bibi yake na Kinyamwezi kwa majirani. Wa pili ni kijana wa Kasulu mwenye Kiha cha nyumbani na Kiingereza cha kidato cha nne, ambacho anakitumia kwa ujasiri kuliko anavyokijua, jambo ambalo katika kazi hii ni sifa. Wa tatu ni mzee aliyefanya kazi melini kwa miaka mingi akienda na kurudi Kalemie, na Kifaransa chake ni cha gatini: hakina adabu za darasani lakini hakikosei bei, uzito wala tarehe. Mzee huyu hasomi menyu kwa mgeni, anaieleza. Anaweza kumwambia mtu wa Lubumbashi, ambaye hajawahi kuliona Ziwa Tanganyika, kuhe ni samaki gani, ana miba kiasi gani, na kwa nini asimwagize usiku akiwa na mtoto mdogo.

Nikimtazama mzee huyo akisimama kati ya meza mbili huwa namkumbuka Sidi Mubarak Bombay. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi Februari mwaka 1858, hawakuwa na uwezo wa kufanya lolote bila wakalimani, na Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na kukaa India, ndiye aliyezungumza nao kwa Kihindustani na kuyageuza maneno yao kwa Kiswahili kwa ajili ya watu waliowakuta. Ujiji ina makumbusho na mnara wa kuadhimisha kukutana kwa Livingstone na Stanley mwaka 1871, na kila mtoto wa shule anayajua majina hayo mawili. Majina ya waliowawezesha kuongea na wenyeji hayana mnara mkubwa kiasi hicho. Narudi mezani, lakini hoja yangu ni ileile: kutafsiri ni kazi, ina ujuzi wake na uchovu wake, na mwenye kuifanya anastahili kulipwa kwa ajili yake. Nilimuuliza mwenye mgahawa kama yule mzee wa melini analipwa zaidi ya wenzake kwa sababu ya Kifaransa chake, akanijibu kwamba Kifaransa ni kipaji alichokuja nacho. Jibu hilo halikunipendeza. Mpishi naye alikuja na mkono wake wa kuchoma samaki, na mkono ule unalipiwa.

Jambo ambalo wageni hawalioni, nami nililigundua kwa kuchungulia daftari la kaunta, ni namna wanavyoandika nafasi zilizowekwa kwa simu. Kigoma iko mbele ya Bujumbura na Kalemie kwa saa moja. Juu ya hilo, sisi tunahesabu saa kuanzia macheo, na Warundi nao hufanya hivyo wanapozungumza Kirundi, lakini wakigeukia Kifaransa huhesabu kuanzia usiku wa manane. Mtu wa Bujumbura akipiga simu na kusema kwa Kifaransa kwamba atafika saa kumi na tisa, huenda anamaanisha saa moja usiku ya kwao, ambayo kwetu ni saa mbili, au huenda amekwisha kuigeuza kichwani kuwa saa ya Kigoma. Migahawa mingine huandika namba iliyosikika na kumwachia Mungu. Daftari la hapa lina safu mbili, moja ya saa kama mgeni alivyoitaja na ya pili ya saa za Kigoma, na aliyepokea simu anatakiwa kumsomea mgeni safu zote mbili kabla ya kukata. Samaki wa kuchoma akisubiri saa nzima hageuki kuwa chakula kingine, ila anakuwa mkavu, na mwenye mgahawa alilijua hilo kwa hasara kabla ya kulipanga daftari lake hivyo.

Malipo nayo yana lugha yake. Kongo watu wamezoea kulipa kwa dola pamoja na faranga zao, na Mkongomani anayetoa dola mfukoni hapa hana nia ya kujionyesha. Kanuni zilizoanza kutumika nchini mwaka 2025 zinakataza bei za ndani kutangazwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, hivyo mgahawa lazima umkatalie, na namna ya kumkatalia ndiyo inayopambanua huduma nzuri na mbaya. Wahudumu wa hapa wana maelezo mafupi waliyokubaliana, yanayosemwa kwa kila lugha kwa maana ileile, kwamba sheria ni ya nchi na haimlengi mgeni, na kwamba duka halali la kubadilishia fedha liko upande gani. Jumla ya bili huandikwa kwa tarakimu kubwa na kuwekwa mezani hata kama imekwisha kutajwa kwa mdomo. Nilidhani huo ni urasimu, mpaka yule mzee aliponieleza kwamba Wakongomani na Warundi, waliorithi Kifaransa cha Wabelgiji, husema septante na nonante kwa sabini na tisini, ilhali aliyejifunza Kifaransa cha Ufaransa hutumia hesabu ndefu zenye sitini na kumi au ishirini mara nne na kumi. Katika bili ya shilingi elfu tisini, mkanganyiko wa namna hiyo huzaa ugomvi.

Sasa samaki. Mgebuka wa hapa huchomwa polepole kwenye mkaa, hupakwa chumvi na ndimu tu, na hufika mezani ngozi ikiwa imekakamaa huku nyama ikiwa bado na maji yake. Ugali wa muhogo ni mweupe, laini, hauna harufu ya uchachu uliopita kiasi, na husongwa mgeni anapofika. Anayependa wa mahindi ataupata, ingawa kwa maoni yangu anakosa nusu ya safari. Kisamvu hupikwa kwa mawese, na hapa pia lugha huingia chunguni, kwa kuwa mhudumu humuuliza kila mgeni kama amezoea mawese kabla ya kumpakulia. Watu wa Dar es Salaam wengi hawajayazoea, na tumbo lao huwalaumu kesho yake. Wakongomani, ambao kisamvu kwao ni sombe, huyataka yawe mengi zaidi. Maharage ni ya kawaida. Wali siupendekezi, kwani mara zote ulikuwa umeshikana. Dagaa wa kukaanga, wanaoletwa kwenye kisahani kidogo pamoja na pilipili mbichi, ndicho kitu ninachokirudia zaidi, na mtu anaweza kushiba kwa hao pamoja na ugali bila kugusa kingine. Sahani ya mgebuka na ugali ilikuwa shilingi 8,000 nilipokula mara ya mwisho, na kuhe mzima wa watu wawili alikuwa shilingi 20,000, bei ambazo si za chini kwa Kigoma lakini hazimwibii mtu.

Pombe hakuna, na nyama ya nguruwe hakuna, kwa kuwa mwenyewe ni Mwislamu. Wakongomani na Warundi wengi huuliza bia kabla ya kitu kingine, na jibu wanalopewa ni kwamba nyumba hii haiuzi, likifuatiwa mara moja na orodha ya vinavyopatikana, bila mahubiri wala uso wa lawama.

Niliyoyasifu yasimfanye msomaji adhani kwamba mgahawa huu hauna kasoro. Menyu ya maandishi ni mbaya. Imeandikwa kwa Kiswahili, Kifaransa, Kirundi na Kiingereza, na ni dhahiri kwamba Kifaransa chake kilitoka kwenye programu ya simu bila mtu kukipitia. Kuku wa kienyeji ameitwa poulet indigène. Kwa mashine hiyo ni tafsiri safi, lakini kwa Mkongomani mwenye umri neno la pili linamrudisha kwenye utawala wa Wabelgiji, walipokuwa wakiwaita watu wenyewe kwa neno hilo katika sheria na amri zao. Nilimwona mama mmoja akilisoma, akatabasamu upande mmoja wa mdomo, akaifunga menyu na kuagiza samaki. Aliye na Kifaransa cha kweli yupo pale pale ndani ya nyumba, anabeba sahani, na hakuna aliyemwomba aisome menyu kabla haijachapwa.

Kwenye menyu hiyohiyo Kiha hakimo. Wapishi wote ni Waha, jiko zima huendeshwa kwa Kiha, na kila aliyekaa karibu na dirisha la jikoni husikia oda zikijibiwa kwa lugha hiyo na utani ukifuata. Mwenyewe anatetea hali hii kwa kusema kwamba Mha yeyote atakayeingia anajua Kiswahili, hivyo maandishi ya Kiha hayamsaidii mtu kuagiza. Katika hesabu ya biashara ana haki. Lakini Kiingereza kimo, na nimekaa pale mchana mzima bila kumwona mtu anayekihitaji. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilizitambua lugha za jamii kuwa hazina ya taifa na ya Kiswahili chenyewe, na bado hatuzioni kwenye kuta za majengo yetu. Tanzania ina lugha zaidi ya 120. Sidai mgahawa wa samaki ubebe mzigo ulioishinda wizara, ila nasema kwamba mgeni anayetoka Kigoma akiwa amesoma majina ya vyakula kwa lugha nne, bila kuonyeshwa hata jina moja kwa lugha ya aliyempikia, ameelezwa habari za mji huu nusu nusu.

Kisha kuna uma. Wahudumu wasiokisia lugha bado wanakisia mikono. Mzungu huwekewa uma na kisu bila kuulizwa, na Mwafrika huletewa jagi na beseni bila kuulizwa. Ofisa mmoja aliyekuwa na kidonda kidoleni ilimbidi aombe uma kwa aibu, huku kwenye meza ya pili mwanamke wa Kifaransa, aliyekwisha kukunja mikono ya shati ili anawe, akitazama vyuma alivyowekewa. Swali moja fupi lingetosha, na ni ajabu kwamba nyumba iliyofikiri kwa makini kuhusu ulimi haikufika kwenye vidole. Nakiri kwamba unawishaji wenyewe hufanywa kwa heshima, mkubwa akianza, maji ya vuguvugu, sabuni mpya.

Kasoro inayonikera kuliko zote ni televisheni. Imetundikwa katikati ya ukumbi na huachwa wazi kwa sauti ya juu tangu asubuhi, ikipokezana na spika inayopiga rumba upande wa baraza. Mtu anayesikiliza lugha aliyozaliwa nayo anaweza kujaza mwenyewe maneno yaliyomezwa na kelele, lakini anayesikiliza lugha yake ya tatu hawezi. Kila silabi anaihitaji. Mgahawa unaojisumbua kurudia oda kwa lugha nne kisha unamlazimisha mhudumu aipige kelele sikioni mwa mgeni unajichomea mkaa wake bure. Kelele hizo huwaumiza pia wazee wenye usikivu hafifu. Kwa viziwi mambo ni afadhali kidogo, kwani yule kijana wa Kasulu ana mdogo wake kiziwi na anaijua Lugha ya Alama ya Tanzania kiasi cha kupokea oda na kutania, jambo ambalo sijaliona kwingine katika mji huu.

Udhaifu wa mwisho hauonekani siku ambayo kila mtu yuko kazini. Siku moja ya Jumamosi yule mzee wa melini alikuwa anaumwa, na Kifaransa kikaumwa naye. Kundi la wasafirishaji wa Kikongomani lilihudumiwa kwa ishara na kwa Kiswahili cha haraka, oda moja ikaja siyo, nyingine ikasahaulika, na hasira zikapanda mpaka mteja mmoja alipojitolea kukalimani. Hakukuwa na karatasi yenye sentensi za lazima, wala mtu aliyefundishwa kushika nafasi. Maelezo mafupi kuhusu dola, ambayo niliyasifu, yalikuwa kichwani mwa mtu aliyelala nyumbani. Mwenyewe anadhani amejenga huduma, lakini kwa upande wa Kifaransa bado ana bahati tu, na bahati hiyo ina umri wa zaidi ya miaka sitini. Binti wa Ulyankulu ameonyesha hamu ya kujifunza na huwa anamsikiliza mzee kwa makini. Saa chache za kila juma zikilipiwa kama kazi, na nyongeza kidogo kwenye mshahara wa anayefundisha, zingegharimu pungufu ya kile kinacholipiwa ving'amuzi vya televisheni.

Kwa mwenye kutaka kwenda, mchana wa siku za kazi ni bora kuliko jioni, kwa sababu ya kelele na kwa sababu samaki wa usiku uliopita bado ni wengi. Aketi barazani upande wa ziwa, mbali na spika. Akumbuke pia kwamba mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na kipindi cha namna hiyo kinapotangazwa barafu la kaunta huwa tupu na menyu hubaki na kuku, maharage na kisamvu. Ijumaa jiko hufungwa wakati wa swala ya mchana na kufunguliwa tena baada ya saa nane. Malipo ni kwa fedha taslimu au kwa simu, na risiti hutolewa bila kuombwa.